Na Ubao wa Mawimbi Mpaka Lweba

Ninyi wa saluni, na ninyi tunaokutana ufukweni kila Jumapili, tangu nirudi Durban mnaniuliza swali moja tu: ziwani kwenu kuna mawimbi ya kusimamia, au tulikubebesha ubao bure? Nimekuwa nikijibu nusunusu, kwa sababu kila nikianza kueleza ama mteja anaingia, ama naachia njiani mwenyewe. Sasa nimekaa niandike yote, kuanzia Kigoma. Habari za tiketi na mihuri nimeziruka. Mnazijua, na hazijawahi kumfurahisha mtu.

Kwa asiyenijua vizuri, mimi ni Zaina, msusi. Nilizaliwa Lweba, wilaya ya Fizi, kando ya Ziwa Tanganyika, na nilikuwa sijakanyaga kwetu kwa miaka kumi na mmoja. Kusimama juu ya mawimbi nilijifunzia huku Durban, ukubwani, nikiwa mtu ambaye hata beseni la maji lilikuwa linamtia hofu. Sababu ya hofu hiyo mtaiona mbele.

Kigoma mpaka rasi ya Ubwari

Boti ya kwenda mji wa Baraka, ng'ambo ya ziwa, ilikuwa iondoke Jumatatu. Jumatatu kapita, nahodha wetu, akatazama ziwa, akavuta jaketi lake mpaka kidevuni, akasema, "Kusi iko mubaya leo. Kesho." Jumanne akasema vilevile. Abiria walinung'unika, wakalala juu ya mizigo yao, wakanunua mikate na samaki wa kukaanga. Mimi nilikuwa nachekelea peke yangu kama mwehu. Ziwa letu ni jembamba na refu, na upepo wa kusi hulipita lote kwa urefu. Siku mbili za upepo wa namna ile ni siku mbili za kutengeneza mawimbi, na mawimbi ndiyo niliyokuwa nayafuata.

Ubao wangu ulikuwa ndani ya mfuko wake mweupe, nimeuzungushia vitenge viwili usigongwe. Mama mmoja aliyebeba kuku alikuwa ameuangalia tangu asubuhi. Mwishowe akauliza, "Dada, hii kitu murefu iko nini?"

"Ni ubao wa majini," nikamjibu, nikimaanisha ubao wa kutumia ndani ya maji.

Yule mama akamkumbatia kuku wake. "Ya majini? Majini gani? Ile ya kupanda mu kichwa?"

Kabla sijafungua mdomo alikuwa amesimama. "Kapita! Huyu dada iko na majini mu sako!"

Ilinichukua saa nzima kueleza. Kapita alinitaka nifungue mfuko, akaupapasa ubao, akaugonga kwa kidole, akasema ni plastiki tu, haina mutu ndani. Watu wakacheka. Hata hivyo nafasi iliyokuwa kando yangu haikukaliwa tena na mtu, na mimi nikajiambia: kuanzia sasa sielezi. Atakayeuliza, nitaitikia tu yaishe. Uamuzi huo nilikuja kuujutia.

Jumatano alasiri tukaondoka. Msidhani kwamba anayesimama juu ya mawimbi hatapiki ndani ya boti. Nilitapika kuliko wote. Baharini, mnajua, wimbi likipita unapata muda wa kuvuta pumzi kabla ya jingine. Ziwani yanakuja yamebanana, kama watu wanaosukumana kwenye foleni ya maji. Boti haimalizi kushuka moja kabla haijapigwa na la pili.

Kulipokucha tulikuwa tunaizunguka ncha ya rasi ya Ubwari, na hapo nikasahau tumbo langu. Rasi ile inakinga ghuba ya Baraka kama mkono unavyokinga mshumaa. Upande wa nje maji yalikuwa yamechafuka, meupe. Lakini mawimbi yaliyofika kwenye ncha yalikuwa yanapinda, yanaizunguka taratibu na kuelekea upande wa Lweba, na kadiri yalivyosogea yalizidi kunyooka na kuachana nafasi. Juu yake upepo wa asubuhi ulikuwa unashuka kutoka milimani, baridi, unavuma kuelekea ziwani. Niliinuka nikashika ukingo wa boti. Mawimbi yanatoka huku, upepo unatoka kule, na katikati kuna mwamba niliokuwa naujua tangu utoto. Nilikulia pale na sikuwahi kuliona hilo.

Baraka

Bandarini wanajeshi wawili walikagua mizigo. Mmoja aliuinua mfuko wangu, akashangaa wepesi wake, akauliza kama ni mlango. Nikaitikia. Akaniuliza Durban hakuna nyumba, mpaka nilete mlango Fizi? Nikaitikia pia. Akanipisha.

Nilikuwa na njaa ya mtu aliyemwaga kila kitu ziwani. Karibu na soko nikaingia kwa mama mmoja anayepika, akaniwekea bukari, ugali wetu wa mihogo, sombe ya majani ya mihogo, na samaki mukeke wa kuchoma aliyetokeza mkia nje ya sahani. Nilikula bila kuinua kichwa. Nje jenereta lilikuwa linanguruma. Yule mama alinitazama, akatazama ule mfuko mweupe uliolazwa ukutani umefunikwa vitenge, akavuta kiti karibu.

"Unaenda wapi na hiyo?"

"Lweba, kwa mama yangu. Mama Zaina, anayeanika samaki, ndagala."

Akainama, akasema jambo jingine kwa sauti ya chini. Kwa jenereta lile nilisikia tu neno "ubao." Mdomo umejaa, nikatikisa kichwa kukubali. Akashika mkono wangu, akaubana. Akasema, "Pole sana, mwanangu," na alipoleta maji ya kunawa aliniletea mwenyewe na akanimiminia. Nikadhani ni ukarimu wa Baraka, nikafurahi kwamba nimefika nyumbani.

Nilichokuwa nimekikubali ni kwamba ule ni ubao wa kuoshea maiti.

Barabara ya Lweba

Motari aliyenichukua aliufunga ubao ubavuni mwa pikipiki kwa mipira. Tulienda vizuri mpaka tulipotoka kwenye nyumba. Kwenye uwazi wa kwanza upepo wa ziwani ukaukamata ubao kama tanga, na pikipiki, motari na mimi tukahamia upande wa pili wa barabara bila kupenda.

"Ee mama, hii kitu inataka kuruka!" motari akapiga kelele. Tukaendelea kwa mwendo wa kobe. Kila palipokuwa na miti tulipanda, kila palipokuwa wazi tulishuka tukasukuma, mimi nimeshika ncha ya mbele, yeye usukani. Gurudumu likapasuka. Akalishona huku akinisimulia kuhusu dada yake aliyeolewa juu milimani, Bibokoboko, anayemletea maziwa. Safari ya nusu saa ikala sehemu kubwa ya mchana, na simu ya yule mama mpishi wa Baraka, kama mnavyojua, haipasuki gurudumu; habari ilifika kabla yetu.

Tulipoingia Lweba niliona nje ya nyumba yetu mikeka imetandikwa. Bamama wameketi, vichwa vimefunikwa. Sufuria kubwa mbili ziko motoni. Nilidhani mama yangu amekufa nikiwa njiani.

Kisha mama akatoka ndani. Alikuwa amezeeka, mgongo ulikuwa umepinda na mikono imekauka kwa chumvi ya samaki na jua. Hakunitazama. Alinipita, akaenda moja kwa moja pale motari alipoulaza mfuko chini, akapiga magoti, akaweka viganja vyake viwili juu ya kile kitambaa cheupe.

"Ni Amisi?" akauliza. "Bamemupata?"

Niwaambieni sasa habari za Amisi. Alikuwa mdogo wangu, wa pekee. Alasiri moja, mwaka mmoja kabla sijaondoka, alikuwa anarudi na mtumbwi kutoka kutega nyavu. Mtumbwi ulipindukia kwenye mwamba ulio mbele ya nyumba yetu, ambao wote wanauita Jiwe tu. Mtumbwi ulipatikana, kasia likapatikana. Yeye hakuonekana kamwe. Mama hakuwahi kuzika mtu.

Nilipiga magoti karibu naye. "Hapana, mama. Siyo Amisi. Ni kitu yangu ya kuchezea mu maji. Batu bamesikia mubaya."

Aliondoa viganja vyake. Halafu akasimama, akakung'uta magoti, akawaambia wale bamama, "Hakuna kilio. Chakula iko tayari, mukule." Akaingia ndani. Bamama walikula, na baada ya muda kicheko kikaanza upande mmoja kikaenea wote, maana kweli ilichekesha.

Lweba, kungoja upepo

Kesho yake mama aliniuliza, akiwa anageuza ndagala kwenye chanja, "Ile kitu unafanya nayo nini?"

Nikamweleza. Unalala juu yake, unapiga maji kwa mikono, wimbi likija unasimama.

"Kwa Jiwe?"

"Ndiyo, mama. Pale mawimbi yanavunjika vizuri."

"Kwa kucheza."

"Kwa kucheza. Na kwa kuzoea. Maji yalinichukulia ndugu yangu, mama, nikaishi nayaogopa. Nilichoka kuogopa."

"Sawa," akasema. Ile sawa naijua tangu utotoni. Maana yake mazungumzo yamekwisha.

Siku ya kwanza nilienda alasiri, kwa ujinga wa mtu aliyezoea pengine. Alasiri upepo unageuka, unatoka ziwani kuja nchi kavu, na wimbi linasukumwa mgongoni na kuanguka kabla halijajipanga. Ilikuwa povu tupu, kama maziwa yanapofurika kwenye sufuria. Nililambishwa maji vizuri. Tena maji yasiyo na chumvi hayakubebi kama ya bahari. Ubao ulizama zaidi, na kila pigo la mkono lilinigharimu mara mbili. Nikarudi na magoti yamechunika. Siku ya pili kusi ilikuwa imelala, na Jiwe lilikuwa linalambwa tu na vijiwimbi ambavyo bata angevidharau.

Siku ya tatu, alfajiri, nikasikia mvumo kabla sijafungua macho. Usiku kusi ilikuwa imeamka kule nje ya Ubwari. Nilipofika ufukweni mawimbi yalikuwa yanaingia marefu, yamenyooka, na upepo wa mlimani unayapiga usoni. Yakifika kwenye Jiwe yanagusa chini, yanainuka, na upepo ule unayashikilia wima kitambo kidogo kabla hayajajikunja. Kile kitambo kidogo, jamani, ndicho tunachokitafuta kila Jumapili. Nilipata manne. La nne lilinibeba kutoka ukingo wa mwamba mpaka kwenye maji ya kifuani, nikiwa nimesimama, na ukutani mwa lile wimbi niliona mawe ya chini yakipita kama ninayatazama kupitia kioo.

Watu walikuwa wamejaa ufukweni. Bamama walipiga vigelegele. Nilimtafuta mama yangu. Mlango wetu juu ya kilima ulikuwa umefungwa. Nikaukubali mlango ule kama jibu lake, na furaha yote ikanitoka.

Boti iliyozimika

Siku mbili baadaye, saa nane mchana, boti ndogo iliyokuwa inatoka soko la Baraka ikazimika moteri mbele ya Jiwe. Upepo wa ziwani ulikuwa mkali. Tuliona kutoka ufukweni kapita akivuta kamba ya moteri, anavuta, anavuta, kisha wakatupa jiwe la nanga. Nanga ilikuwa inaburuta. Kila wimbi likipita, boti ilirudi nyuma kidogo kuelekea mwamba.

Wanaume wawili wakasukuma mtumbwi. Wimbi la kwanza likaujaza maji, la pili likaurudisha mchangani tumbo juu. Wakajaribu tena, ikawa vilevile. Mtumbwi hauwezi kupita povu lile. Ubao unaweza, kwa sababu hauna tumbo la kujaa. Nilikimbia kuuchukua. Mtu mmoja akanifunga kiunoni kamba nyembamba ya nyavu, ili nikifika walio ufukweni waifungie kamba nene, na wa botini waivute.

Nilipoinama kufunga mguuni kamba ya ubao, mkono ukanishika juu ya kiwiko. Mama. Nikajiandaa kumkatalia.

"Siyo pale," akasema.

"Mama, niache…"

"Sikia. Pale unataka kupitia ni ya asubui, upepo ya mulima ikiwa. Saa hii maji inarudia huku." Akanyoosha kidole mkono wa kuume, karibu na matete. "Unaona vile hapana povu? Ni pale maji inatoka. Itakubeba yenyewe. Mawimbi kubwa inakuya tatu. Ya tatu ikivunjika, unaenda. Utaniangalia mi, nitashika kitenge juu."

"Unajua wapi hayo yote?"

"Nakaa hapa, Zaina. Naangalia kila siku. Ningefanya nini ingine?"

Akapanda juu ya kilima haraka kuliko nilivyodhani angeweza. Niliingia kwenye maji pembeni ya matete, nikageuka kumtazama. Kitenge kilikuwa chini. Wimbi moja. La pili. La tatu likanguruma na kuvunjika, na kitenge chekundu kikapanda. Nikapiga maji kwa nguvu zangu zote, na kweli, ziwa likanichukua. Nilihisi linavutia nje, kama mtu anayeniongoza kwa kunishika mkono. Mara mbili kitenge kilishuka nikangoja, mara mbili kikapanda nikaenda. Kwa macho yangu mwenyewe nisingepita. Katikati ya maji huoni chochote isipokuwa wimbi lililo mbele yako; ni yeye aliyekuwa anaona.

Boti ilikuwa na watu saba. Mwanamke mmoja alikuwa amefunga mtoto mgongoni kwa vitenge viwili, analia bila sauti. Mwingine aliponiona nashika ukingo akamaka, "Ni ule mama wa ubao ya maiti!"

"Hakuna maiti leo," nikamwambia. "Vuteni kamba."

Wakavuta kamba nyembamba mpaka ile nene ikafika, kapita akaifunga mbele, akakata nanga. Ufukweni naona kijiji kizima kimeshika. Walitaka kuvuta moja kwa moja mchangani, ambako kungewapitisha juu ya Jiwe. Mama alishuka kilimani anapiga kelele, akawasukuma kwa mikono, akawahamisha wote mpaka kwenye matete. Boti ikapita kando ya mwamba, karibu kiasi kwamba kapita aliusukuma kwa kasia. Magunia mawili ya unga yalianguka majini. Watu wote saba walishuka kwa miguu yao, na mtoto mgongoni mwa mama yake.

Mimi nilikuja nyuma na nikakosea hesabu. Wimbi lilinitupa juu ya Jiwe, ubao ukakatika pua, nyayo zangu zikachanika. Nilitoka natambaa.

Jioni mama aliniosha miguu kwa maji ya moto na chumvi. Aliosha kwa muda mrefu, damu ilikuwa imeshakoma.

"Amisi alipita njia ya asubui," akasema. "Lakini ilikuwa alasiri. Mi nilikuwa pale juu. Nilimuita, upepo ikarudisha sauti yangu. Na hata angesikia, nilikuwa sijui wapi ya kumuonyesha. Nilijifunza nyuma ya kumupoteza."

Niliweka mkono wangu juu ya wake, ndani ya beseni.

"Na ule mulango," akaendelea, "siku ile ulikuwa unasimama juu ya maji. Nilifunga. Lakini dirisha nilifungua kidogo."

Asubuhi ya kuondoka

Kusi ililala tena. Asubuhi niliyokuwa niondoke ziwa lilikuwa limetulia kabisa, hata upepo wa mlimani haukuwapo. Nilikuwa nafunga mizigo mama aliposimama mlangoni, kitenge amekifunga kifuani kama mtu anayekwenda kuoga.

"Hiyo kitu yako inaweza kubeba mi?"

"Imekatika pua, mama."

"Nimeuliza kama inabeba."

Tukashuka. Nilimlaza juu ya ubao, akakataa kulala, akakaa, miguu huku na huku. Nikaogelea nyuma namsukuma. Mikono yake ilikuwa imeshika kingo mpaka vidole vimekuwa vyeupe, na mimi nilikuwa nasikia anasoma Fatiha chini kwa chini. Tukapita pale kwenye matete, tukazunguka, tukafika kwenye Jiwe kwa upande wa ziwani, upande ambao hakuwahi kuuona.

Maji yalikuwa yanapanda na kushuka kidogo tu, na kila yakishuka mgongo wa mwamba ulichungulia, mweusi, una utelezi wa kijani. Mama aliutazama. Akateremsha mguu mmoja, ukagusa. Akateremsha wa pili, akasimama juu yake, maji yanamfika kwenye vifundo vya miguu, mimi nimemshika kiuno. Akauchunguza kwa wayo kutoka upande huu mpaka upande ule. Hatua nne. Akazirudia.

"Nilizania iko mukubwa," akasema. "Miaka yote hii. Kumbe ni kadogo hivi."